Mwaminifu ni Mtu wa Namna Gani?

Vikundi vyetu vya Migori na Homa Bay vinapochagua maofisa, kila mara utasikia: "Tunataka mweka hazina mwaminifu." Wote wanaitikia. Lakini ukiuliza mwaminifu ni nani, mmoja atasema mtu mpole, mwingine mtu wa kanisa, mwingine mtu wa ukoo wetu. Tumeonelea tulichambue neno hili, kwa sababu likieleweka vibaya, pesa za akina mama ndizo zinazopotea.

Neno lenyewe

Uaminifu, imani, kuamini na amana ni maneno ya mzizi mmoja, uliotoka Kiarabu. Hata "Amina" ya mwisho wa sala ni jamaa yao. Lililo muhimu kwetu ni amana, yaani kitu cha mwenzako ulichowekewa ukitunze, umrudishie siku atakapokitaka. Basi kuwa mpole peke yake hakutoshi. Mwaminifu ni yule anayejua kwamba pesa zilizo mkononi mwake ni za wengine. Kwa Kijaluo tunasema ng'at migeno, mtu wa kutegemewa.

Maneno ya karibu

Mkweli husema lililopo. Lakini mtu anaweza kusimama mkutanoni na kusema, "Zile pesa nilikula." Amesema kweli, lakini amana haipo!

Mnyofu ametoka katika kunyooka. Neno lake mkutanoni na neno lake njiani ni moja.

Halisi ni neno la vitu zaidi kuliko watu: kitu kisichochanganywa. Tuseme mbegu ya mahindi. Pakiti ndogo huwa na kibandiko cha KEPHIS. Kikwangue, tuma namba zilizomo kwa simu kwenda 1393, nawe utajua kama mbegu ni halisi kabla hujaipanda.

Sasa angalia sokoni. Mama anaweza kuuza omena halisi, safi, bila mchanga, lakini akapima kwa gorogoro iliyogongwa chini ikaingia ndani. Omena ni halisi, kipimo kinadanganya. Ndiyo maana tunahitaji maneno yote mawili.

Je, kuuliza hesabu ni kutukana?

Wengi wanaogopa kuuliza, ati mweka hazina ataona hatumwamini. Basi wananyamaza, wananung'unika njiani, na mwisho kikundi kinavunjika. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo:

1. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa wanachama watatu tofauti.
2. Pesa zihesabiwe mbele ya wote, mwanzo na mwisho wa mkutano.
3. Daftari lisomwe kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie.

Haya hayamdhalilishi mweka hazina. Yanamlinda. Siku maneno yakizuka kijijini, daftari litamsemea. Na yule anayekasirika akiombwa hesabu, afadhali kikundi kijue mapema, kabla sanduku halijajaa.

Maswali ya kujadili kikundini

- Tulipomchagua mweka hazina wetu, tuliangalia nini hasa?
- Ni lini mara ya mwisho daftari lilisomwa mbele ya wote?
- Sisi wanachama, je, tunarudisha mikopo kwa wakati? Mkopo nao ni amana.