Waliobisha Hodi Kabla ya Kujenga Matuta

Katika miji mingi ya Tanzania, mtoto wa darasa la kwanza huenda shule kwa miguu, na mara nyingi hana mtu mzima wa kumsindikiza. Huondoka nyumbani alfajiri akiwa ameshikwa mkono na dada yake wa darasa la tatu, akapita ukingoni mwa barabara ambayo mjenzi wake hakumwachia mtembea kwa miguu nafasi yoyote. Mkono wa kulia kuna magari na bodaboda. Mkono wa kushoto kuna mtaro ulio wazi au meza za wauza mboga. Barabara ilipokuwa ya vumbi na mashimo, madereva walikwenda polepole kwa kulazimika. Ilipowekwa lami, mgonjwa alifika hospitali mapema, mazao yakafika sokoni yakiwa mazima, na mwendo wa magari ukaongezeka. Kwa mtoto yule, lami ile ile iliyoshangiliwa na mtaa mzima ilikuja na hatari ambayo hakuna aliyemweleza.

Makala hii inawahusu watu walioamua kulishughulikia jambo hilo jijini Dar es Salaam, shule moja baada ya nyingine. Inaletwa kwa wakazi wa kata zetu kwa sababu vituo vyetu vya biashara navyo vinakua na kuwa miji, na lami inapita mbele ya malango ya shule zilizojengwa wakati ambapo chombo chenye kasi kubwa kuliko vyote njiani kilikuwa baiskeli.

Watu hao wanafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali liitwalo Amend, ambalo linashughulikia usalama barabarani, hususan kwa watoto na vijana, katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Tanzania, Ghana na Msumbiji. Mpango wao wa shule hufahamika kwa kifupi kama SARSAI, yaani tathmini na maboresho ya usalama barabarani katika maeneo ya shule. Miongoni mwa waliouandikia ripoti ya kitaalamu ni Ayikai Poswayo, Simon Kalolo na Jeffrey Witte. Lakini kazi yenyewe isingewezekana kwa majina hayo pekee. Walihitajika wahandisi, walimu wakuu, wenyeviti wa serikali za mitaa, na watu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha ya maswali mkononi.

Hao wa nyumba kwa nyumba ndio wanaostahili kutajwa kwanza, kwa kuwa mpango wote ulisimama juu ya kazi yao.

Mtu angeweza kuuliza: kwa nini kubisha hodi, ilhali taarifa za ajali zipo polisi? Jibu linajulikana kwa kila aliyewahi kuishi kando ya barabara yenye magari mengi. Pikipiki ikimgusa mtoto na kumchubua goti, mama humwosha jeraha na mambo yakaisha. Gari likimvunja mtoto mguu, si ajabu dereva na wazazi wakaelewana palepale: dereva atagharimia matibabu, wazazi hawatafika kituoni. Mtoto hupona, ama hubaki akichechemea, na barabara ile huendelea kuonekana salama katika vitabu. Mwaka unaofuata, anayepanga matumizi ya fedha za barabara hufungua takwimu zake asione sababu ya kuweka hata kibao kimoja mbele ya shule hiyo.

Kwa hiyo watafiti waliyazunguka maeneo ya shule za msingi 18 za Dar es Salaam, wakauliza katika kaya habari za watoto wote wenye umri wa kwenda shule. Maswali hayakuwa magumu. Je, katika miezi 12 iliyopita kuna mtoto wa nyumba hii aliyeumizwa na chombo cha usafiri? Ilikuwaje? Kwa awamu ya kwanza peke yake zilikusanywa habari za watoto wapatao 13,000. Hapo ndipo yalipojitokeza majeraha ambayo hayakuwa yameandikwa popote, isipokuwa katika kumbukumbu za wazazi.

Baada ya hesabu hiyo, kazi ilihamia barabarani. Wahandisi walikagua kila eneo kwa sura yake, na jamii ikaulizwa maoni, kwa sababu mkazi wa mahali anajua kona ambayo mgeni hawezi kuiona katika ziara ya siku moja. Yaliyojengwa hayakuwa makubwa. Ni njia za waenda kwa miguu zilizotengwa na magari kwa vigingi, matuta, vivuko vya pundamilia, alama za kuwatahadharisha madereva, na penye haja, lango jipya la shule katika upande usio na magari mengi. Jambo hili la lango lingeweza kumfanya mtu acheke kwa urahisi wake. Shule nyingi zina lango moja tu linalofungukia barabara kubwa, kwa sababu tu ndivyo lilivyowekwa siku ya kwanza. Wanafunzi mia kadhaa wanapotoka kwa mkupuo kengele ya mchana inapolia, hujikuta barabarani kabla hawajapata pa kusimama.

Sambamba na ujenzi, watoto walifundishwa namna ya kuitumia barabara yao wenyewe, siyo barabara ya kwenye kitabu. Mafunzo hayo yana umuhimu wake, ila hayawezi kubeba mzigo wote. Mtoto wa miaka sita hana bado uwezo wa kukadiria kama gari lililo mbali litamfikia kabla hajavuka, na hata akifundishwa vizuri, mpira ukidondoka barabarani ataufuata. Ndiyo maana waliobuni mpango huu walielekeza nguvu katika kumpunguzia dereva mwendo.

Umuhimu wa mwendo unaeleweka kwa hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi nchini kwetu, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto na kutumia sekunde moja kuinua mguu na kukanyaga breki, mita hizo 14 zimekwisha kupita na gari halijaanza kupungua. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo hiyo hula mita 8 na kidogo. Tena, nguvu inayobebwa na gari lenye mwendo wa 50 inakaribia mara tatu ya lile la 30, ingawa namba zenyewe hazionyeshi tofauti kubwa kiasi hicho. Mwili wa mtoto ndio unaoipokea. Kwa sababu hiyo mwaka 2020 mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani uliofanyika Stockholm, Sweden, ulihimiza ukomo wa kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Kibao peke yake hakitoshi kumshusha dereva hadi mwendo huo. Tuta humshusha, apende asipende.

Je, mpango ulisaidia? Hapa watafiti walifanya jambo ambalo miradi mingi hailifanyi. Maeneo yale ya shule 18 yaligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata maboresho, na la pili likasubiri. Mwaka mmoja ulipopita, watafiti walirudi kuuliza maswali yale yale katika makundi yote mawili. Katika maeneo yaliyoboreshwa majeraha ya watoto yalipungua kwa kiwango ambacho hakiwezi kuitwa bahati. Katika yale yaliyosubiri hayakupungua. Baada ya hapo kundi la pili nalo likajengewa, kwani isingekuwa haki kuwatumia watoto kwa kulinganisha kisha kuwaacha na barabara yao. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la kitabibu la Injury Prevention, na kupungua kwa majeraha kunatajwa kuwa takribani asilimia 26.

Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI ya Marekani, yenye thamani ya dola 250,000, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Miongoni mwa miradi iliyofika fainali ilikuwemo ya miji ya Medellín, Durban na Pune. Walioshinda hawakuwa na daraja wala reli ya kuonyesha. Walikuwa na vigingi, rangi nyeupe na matuta.

Ingekuwa upungufu wa ukweli, hata hivyo, kuishia kwenye tuzo. Rangi ya pundamilia hufutika kwa jua na matairi. Njia iliyotengwa kwa ajili ya watoto ni sakafu nzuri ya kupangia nyanya na mitumba, na bodaboda huiona kuwa njia ya mkato foleni inapokaza. Shirika likishamaliza mradi wake huenda shule nyingine. Barabara hubaki na wakazi na wenye mamlaka nayo. Mahali ambapo serikali ya mtaa haikujipanga kulinda kilichojengwa, ni vigumu kuona nani mwingine angekilinda.

Jambo la mamlaka linahitaji kuelezwa kwa wakazi wetu kwa uwazi, kwa sababu ndilo linalozua manung'uniko mengi. Asasi ya kiraia haina ruhusa ya kuweka hata tuta moja barabarani kwa uamuzi wake, na mwananchi hana vilevile. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini zipo chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Mwenye barabara ndiye anayeidhinisha mahali pa tuta, kimo chake na alama zake.

Inafahamika kwamba mtoto anapogongwa, hasira huwa kubwa, na usiku huo huo wakazi wanaweza kurundika udongo au mawe barabarani kama tuta. Uchungu huo unaeleweka kabisa. Lakini tuta lisilo na alama wala rangi halionekani usiku, na wa kwanza kulivaa kwa kawaida ni kijana wa bodaboda, pengine akiwa amembeba mgonjwa. Likitengenezwa kwa kimo kisicho sahihi huharibu magari, na mwenye barabara akilikuta atalazimika kuliondoa. Kata inakuwa imepoteza nguvu zake na watoto wamerudi palepale.

Njia inayoweza kuzaa matunda ni ya taratibu zaidi. Suala hupelekwa katika mkutano mkuu wa mtaa au wa kijiji, likaandikwa katika muhtasari, likafikishwa kwa mtendaji wa kata na kujadiliwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo ombi huenda kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, au kwa TANROADS ikiwa barabara ni yao. Muda nao una uzito wake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika baada ya bajeti kupitishwa huenda likasubiri mwaka mwingine mzima, hata likiwa la haki kiasi gani. Penye mradi mpya wa lami ni vyema kuwahi zaidi, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu iliyomo katika mchoro tangu mwanzo huwa rahisi kuliko ile inayoongezwa baada ya mkandarasi kuondoka.

Ombi lenye maneno "barabara yetu ni hatari" hufanana na maombi ya kata nyingine zote. Ombi lenye hesabu ya watoto walioumia, mahali na saa, ni tofauti. Mhandisi anaweza kulisimamia mbele ya wanaogawa fedha. Na hesabu hiyo haihitaji mfadhili wala watafiti kutoka mbali. Katika shule za msingi, mwalimu wa darasa hujua nani hakufika na kwa nini, na mjumbe wa nyumba kumi huwa na habari kabla ya polisi.

Mwalimu mkuu anayetaka kuanza anaweza kutenga daftari moja la kawaida na kulipiga mistari ya safu tano: tarehe na saa, darasa la mtoto, mahali hasa palipotokea ajali, aina ya chombo kilichomgonga, na alichokuwa akifanya mtoto, yaani kuvuka, kutembea ukingoni au kucheza. Jina la mtoto halihitajiki. Waliogongwa na kupona siku hiyo hiyo waandikwe pia, na wale walionusurika kwa kukwepwa waandikwe katika kurasa za nyuma. Nakala ya kurasa hizo ipelekwe kwa mtendaji wa kata kabla ya kikao cha robo mwaka cha Kamati ya Maendeleo ya Kata.