UFUNDI WA MATABAKA: BASI LA BUSIA NDANI YA KOMPYUTA

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Kampala kwa njia ya Kisumu huvuka mpaka Busia, mji wenye pande mbili, mmoja wa Kenya na mwingine wa Uganda. Kaskazini yake, upande wa Uganda, upo mji wa Tororo, ambao mwamba wake mkubwa huonekana toka mbali. Barabara za miji hiyo hupitiwa usiku na mchana na mabasi na malori yaliyopakwa rangi za kila namna, yenye majina na mistari ya kupendeza. Si ajabu basi kijana aliyekulia huko akatamani kuyaona magari hayo katika michezo ya kompyuta na ya simu.

Michezo ya namna hiyo ipo. Mmoja ni Bus Simulator Indonesia, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya nchi hiyo. Mwingine ni Euro Truck Simulator 2, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Jamhuri ya Cheki. Yote miwili humruhusu mchezaji kubadili sura ya gari, na vijana wa Kenya na Tanzania wamekwisha kuyavisha magari ya michezo hiyo rangi za mabasi ya kwao. Mzazi amwonaye mwanawe ameinamia kompyuta hudhani kwamba anapoteza wakati. Pengine ni kweli. Lakini pengine kijana yumo katika kujifunza ufundi ambao utamfaa maishani.

Mwili na sare

Gari la mchezoni lina sehemu mbili. Ya kwanza ni umbo, ambalo ni kama mwili usio na nguo. Ya pili ni teksicha, yaani picha bapa inayovishwa juu ya umbo hilo, kama sare ivaliwavyo na askari. Fundi cherehani hukata kitambaa vipande vipande kabla ya kushona. Vivyo hivyo picha ya basi hulazwa kwa vipande: ubavu, paa, uso na mgongo. Mchoro uonyeshao mahali pa kila kipande huitwa kiolezo. Mara nyingine pande mbili za basi hutumia kipande kimoja, na hapo jina lililoandikwa vizuri upande wa kushoto husomeka kinyume upande wa kulia. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kukichunguza kiolezo kabla ya kupaka rangi.

Chombo cha kazi hiyo si lazima kinunuliwe. Programu iitwayo GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa watu wote mwaka 1996. Leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani bila malipo. Katika mji wa mpakani, ambako neno magendo linajulikana hata kwa watoto, ni vema ifahamike kwamba programu hii huvuka toka Uganda hata Kenya ndani ya mfuko wa shati bila kuvunja sheria yoyote.

Kila kitu na tabaka lake

Siri ya kazi ni matabaka. Tabaka ni kama karatasi ya kioo iliyowekwa juu ya nyingine. La chini hubeba rangi ya bodi, la pili mistari, la tatu jina la basi, na la juu vivuli na vumbi la safari. Tabaka la vivuli huwekwa katika hali ya kuzidisha, ambapo sehemu nyeupe hutoweka na sehemu nyeusi hubaki, hata basi likaonekana lina mikunjo ya bati. Mahali panapotakiwa kufichwa hapafutwi kwa kifutio, bali huwekewa kifuniko: cheupe huonyesha, cheusi huficha. Kilichofutwa kimekwenda, kilichofichwa chaweza kurudishwa.

Ukubwa nao una kanuni. Michezo mingi hutaka picha za vipimo kama 512, 1024 au 2048 kila upande. Picha ya 2048 kwa 2048 hula takriban megabaiti 16 za kumbukumbu kwa kila tabaka. Matabaka 10 ni kama megabaiti 160. Mwenye kompyuta kuukuu na aanze na picha ndogo.

Kosa linaloumiza

Tuchukue mfano wa kijana wa mtaa wa Sofia, Busia, ambaye baba yake ni askari aliye kazini mbali. Ametumia likizo nzima kulitengeneza basi ambalo baba hulipanda arudipo nyumbani. Siku ya mwisho ayaunganisha matabaka yote kuwa moja, ahifadhi picha hiyo peke yake, na kufunga kompyuta. Kesho yake agundua kwamba jina la basi limekosewa herufi moja. Herufi hiyo sasa imeshikamana na mistari na vumbi, na kazi ya wiki nyingi yaanza upya.

Dawa ni rahisi. Faili ya kazi ihifadhiwe kwa namna ya XCF, ambayo hutunza matabaka yote, na ihifadhiwe mara kwa mara kwa kuwa umeme hukatika bila kubisha hodi. Nakala ya kupeleka mchezoni itolewe kando, kwa namna ya PNG au DDS kadiri mchezo utakavyo. Isitolewe kwa JPEG, kwani hiyo haihifadhi uwazi, na vioo vya basi vitazibika.

Mkono na dhamiri

Lipo jambo moja ambalo mzazi, hasa aliye polisi, hana budi kulisema mapema. Tabaka lile lile liwekalo jina juu ya basi laweza kuweka mhuri wa uongo juu ya hati. Mpakani, ambako kila gari husimama kwa ajili ya karatasi, kishawishi hicho si kidogo, na kughushi ni kosa la jinai. Aidha, kazi ya mtu mwingine isichukuliwe na kuuzwa bila idhini yake.

Kijana aliyefunzwa hayo ana mlango mbele yake. Mabango ya maduka, kadi za harusi na rangi za mabasi ya kweli huchorwa kwa matabaka hayo hayo. Mzazi na akae kando ya mwanawe jioni moja, amwombe amwonyeshe basi lake, tabaka moja baada ya jingine, na amwulize ameihifadhi wapi ile faili ya kazi.