Kwa Nini Kiwavi Hafi Papo Hapo Baada ya Kupuliziwa Dawa?

Mkulima amepulizia mahindi yake dawa jioni. Asubuhi anarudi shambani, anafunua majani ya katikati na kumkuta kiwavi bado yuko hai. Anadhani ameuziwa dawa bandia, hivyo anarudi agroveti kununua nyingine. Kabla ya kutumia pesa mara ya pili, ni vyema kuelewa jinsi baadhi ya dawa hizi zinavyofanya kazi.

Viwavijeshi vamizi, ambao walionekana nchini Kenya mwaka wa 2017, kwa kawaida hupitia hatua sita za ukuaji kabla ya kuwa pupa udongoni, kisha nondo. Ngozi ya kiwavi hainyumbuki vya kutosha. Kila anapokua, lazima aivue na kuvaa mpya iliyo kubwa zaidi. Kazi hiyo huongozwa na homoni iitwayo ekdisoni.

Ekdisoni husafiri katika damu ya mdudu hadi ndani ya seli. Huko kuna protini mbili zilizoshikana, EcR na USP, ambazo hukaa juu ya DNA karibu na jeni za kuvua ngozi. Pamoja ndizo kipokezi cha homoni. Ekdisoni isipokuwepo, protini hizi huzuia jeni hizo zisifanye kazi. Ekdisoni ikifika na kushikamana na EcR, kizuizi huondoka na jeni huanza kazi.

Jeni za kwanza kuamka ni chache. Hizo hutengeneza protini nyingine ambazo nazo hushika DNA na kuamsha jeni nyingi zaidi, za kuunda ngozi mpya na kuyeyusha ile kuukuu. Mwishowe, kiwango cha ekdisoni lazima kishuke ndipo mdudu aweze kutoka kwenye ngozi ya zamani. Homoni nyingine, ya utoto, huamua atakayetoka: ikiwa nyingi, anatoka kiwavi mkubwa zaidi, ikipungua, anageuka pupa.

Jambo hili lilionekana kwa macho mwaka wa 1960 nchini Ujerumani. Ulrich Clever na Peter Karlson walidunga ekdisoni kwenye mabuu ya visubi wasiouma. Muda mfupi baadaye, walipotazama kwa hadubini, waliona sehemu maalum za kromosomu zimevimba. Uvimbe huo ulikuwa ishara ya jeni zilizoanza kazi.

Dawa kama methoksifenozaidi na tebufenozaidi hutumia mlango huo huo. Huiga ekdisoni na kushika kipokezi kwa nguvu bila kukiachilia. Kiwavi huanza kuvua ngozi kabla ya wakati wake, lakini hawezi kumaliza. Kwa kawaida huacha kula ndani ya siku moja, kisha hufa baada ya siku kadhaa. Kwa hivyo, kiwavi aliye hai asubuhi ya pili huenda tayari ameacha kuharibu mahindi yako. Mwarobaini nao huvuruga homoni hizi: kiini chake, azadiraktini, huzuia ekdisoni isitolewe ipasavyo. Nao pia hauui papo hapo.

Mkulima, zingatia yafuatayo:

• Kagua shamba mapema. Dawa hizi hufaa zaidi kwa viwavi wachanga, kabla hawajajificha ndani kabisa ya mmea.

• Pulizia asubuhi na mapema au jioni, ukielekeza dawa katikati ya majani. Kiwavi lazima aile.

• Soma lebo. Dawa zinazoiga ekdisoni huwekwa katika kundi la 18. Usirudie kundi moja msimu mzima, kwani wadudu huzoea.

• Kabla ya kupuliza tena, tazama majani mapya, si kiwavi tu. Kama hayana matundu mapya, dawa inafanya kazi.

• Usiongeze kipimo. Nunua dawa iliyosajiliwa na PCPB pekee.

Binadamu, ng'ombe na kuku hawana kipokezi cha ekdisoni. Hata hivyo, dawa ni dawa: vaa glavu, barakoa na buti, na usivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kuisha.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.