Je, gari dogo la mjini laweza kulififisha jina la Land Rover?

NI vigumu kulitaja jina la Land Rover nchini Kenya bila watu wa umri fulani kulikumbuka gari lenye pembe zilizonyooka na mngurumo mzito, likimbeba afisa wa utawala, askari wa wanyamapori au mmisionari hadi mahali ambapo barabara ilikuwa imekwisha.

Ndiyo sababu mnamo 1997, kampuni hiyo ya Uingereza ilipozindua Freelander, gari dogo lililolenga familia za mjini, wapenzi wengi wa magari ya porini waliliona kuwa kosa. Hoja yao ilikuwa kwamba jina lililojengwa kwa takriban nusu karne ya kazi za shambani na jeshini lilikuwa sasa likibandikwa kwenye gari la kupeleka watoto shule.

Mjadala huo haujaisha. Takriban kila kampuni iliyojipatia sifa kwa magari ya nguvu sasa huuza gari dogo la aina hiyo. Mnunuzi wa Kenya anayesaka gari lililotumika naye hulikuta jina moja kubwa kwenye magari yasiyokaribiana kwa uwezo.

Historia ya Land Rover inaonyesha kwamba udogo wa gari si tatizo. Jina hufifia pale gari linapotoa ahadi lisiyoweza kuitimiza, na zaidi pale lile gari lililolijenga jina linapoachwa bila kutunzwa.

Tofauti iko chini ya gari

Magari madogo yanayozungumziwa hapa huitwa krosova. Kwa nje, krosova huwa na umbo la gari la porini: limeinuka, lina magurudumu makubwa kiasi na dereva hukaa juu. Ukilichungulia chini, hata hivyo, utagundua limeundwa kama gari la kawaida la saluni.

Gari la porini la jadi hujengwa juu ya fremu, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama mfano wa ngazi. Bodi huwekwa juu ya fremu hiyo na kufungwa kwa bolti. Katika krosova, bodi na fremu ni kitu kimoja.

Aidha, gari la porini huwa na seti mbili za gia. Seti ya kwanza ni ya mwendo wa kawaida. Ya pili ni ya mwendo wa pole sana, inayoyaongezea magurudumu nguvu ya kupanda mwamba, kuvuta mzigo mzito au kujitoa matopeni bila kuichosha injini wala klachi. Krosova nyingi hazina seti hii ya pili.

Krosova nayo ina manufaa yake. Ni nyepesi, hutumia mafuta kidogo, haimrushirushi abiria na hukata kona kwa utulivu zaidi kwenye lami. Kwa mtu anayeishi mjini na kusafiri mashambani mara chache kwa mwaka, sifa hizo zina thamani kuliko uwezo wa kuvuka mto.

Gari la mkulima

Land Rover la kwanza lilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam, Uholanzi, Aprili 30, 1948. Mbunifu wake, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep kuukuu la jeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, na akaona wakulima walihitaji gari la namna hiyo.

Bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kampuni ililiona kama gari la muda tu, la kuingiza fedha za kigeni hadi biashara ya magari ya kawaida itakapoimarika. Badala yake lilipata soko kubwa kote katika makoloni ya Uingereza, Kenya ikiwemo. Baada ya uhuru, magari hayo yaliunganishwa hapa nchini katika kiwanda cha Leyland mjini Thika, kampuni iliyoanzishwa mnamo 1974.

Freelander halikuwa gari la kwanza kuitoa kampuni hiyo shambani. Mnamo 1970 ilizindua Range Rover, gari lenye springi laini lililoweza kwenda kasi barabarani. Mnamo 1989 ikafuata Discovery, lililokusudiwa kukabiliana na magari ya Kijapani kama Mitsubishi Pajero.

Magari hayo mawili hayakuleta malalamiko makubwa kuhusu jina, na sababu yake ni wazi. Ingawa yalikuwa na starehe, yote yalikuwa na fremu na seti mbili za gia. Mwenye Range Rover aliyeamua kuliingiza kinamasini alipata kile ambacho jina lilikuwa limemwahidi.

Yaliyosemwa dhidi ya Freelander

Freelander lilibadilisha kanuni hiyo. Halikuwa na fremu ya kujitegemea wala seti ya pili ya gia. Nguvu zilifika magurudumu ya nyuma kupitia kiungo chenye majimaji mazito, ambacho huanza kukaza magurudumu ya mbele yanapoteleza.

Kiungo hicho kinahitaji tairi zote nne zilingane kwa ukubwa na kuchakaa kwake. Zinapotofautiana sana, sehemu za kupitisha nguvu huchoka mapema na huweza kuvunjika. Aidha, injini ya petroli ya lita 1.8 ilijulikana kwa gasketi za hedi zilizoungua. Gari la porini ambalo mwenyewe anahofia injini kuchemka kabla hajafika porini haliwezi kuijenga sifa ya ukakamavu.

Hata hivyo, ni makosa kudai kwamba gari hilo halikuwa na uwezo wowote. Badala ya gia za mwendo wa pole, wahandisi walibuni mfumo wa kutumia breki kulishikilia gari linapoteremka mlima mkali, ili dereva asiguse kanyagio. Freelander ndilo lililokuwa la kwanza kuwa na mfumo huo, na baadaye ukatiwa katika Discovery na Range Rover. Kwa hilo, mdogo aliwafunza wakubwa wake.

Mnamo 1998, Freelander lilitumiwa katika mashindano ya Camel Trophy kwenye eneo la Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa bara la Amerika. Sokoni pia lilifua dafu, na kwa miaka kadhaa likawa miongoni mwa magari ya aina yake yaliyonunuliwa zaidi barani Ulaya.

Fedha zilitoka wapi?

Hoja kuu ya wanaotetea magari madogo ni ya hesabu. Gari la kazi ngumu lina wanunuzi wachache. Katika miaka yake ya mwisho, Land Rover la umbo la zamani, lililopewa jina la Defender mnamo 1990, liliuzwa yapata magari 20,000 kwa mwaka duniani kote. Range Rover Evoque, krosova iliyozinduliwa mnamo 2011, iliuza zaidi ya magari 100,000 katika mwaka wa 2012 pekee.

Kampuni haiwezi kuajiri wahandisi, kutimiza sheria za moshi na usalama na kuunda magari mapya kwa mapato ya gari linalouzwa kwa uchache. Land Rover yenyewe ilipita mikononi mwa BMW ya Ujerumani, Ford ya Marekani mnamo 2000 na Tata ya India mnamo 2008. Hakuna hata mmoja kati ya wamiliki hao ambaye angeiendesha kama jumba la makumbusho.

Lakini Evoque pia ilionyesha hatari yenyewe. Iliuzwa hata katika toleo linalosukumwa na magurudumu mawili ya mbele tu, kama ilivyokuwa kwa Freelander la pili kuanzia 2010. Hapo jina lilibaki kama pambo, kwa kuwa kile kilichoyatofautisha magari hayo na saluni kilikuwa kimeondolewa.

Soko lilipotea mapema

Wanaoilaumu krosova husahau tarehe. Land Rover ilianza kupokonywa soko la kazi ngumu miaka mingi kabla ya 1997.

Nchini Australia, Toyota Land Cruiser liliingia mwishoni mwa miaka ya 1950 kupitia kwa mwanakandarasi Leslie Thiess, aliyelitumia katika mradi mkubwa wa umeme wa maji wa Snowy Mountains. Wakati huo Land Rover ndilo lililotawala huko. Land Cruiser lilikuwa na injini kubwa zaidi, na polepole likawashawishi wafugaji na wachimbaji madini.

Hali ilikuwa vivyo hivyo Afrika Mashariki. Land Rover liliendelea kutumia springi za majani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku Wajapani wakileta magari yenye injini za dizeli zilizodumu na spea zilizopatikana kwa urahisi. Leo, Land Cruiser ndilo linaloonekana zaidi kwenye misafara ya polisi, mashirika ya misaada na watalii katika barabara za Turkana na Samburu.

Aliyepoteza imani na Land Rover huko hakuipoteza kwa kuona Freelander mjini London. Aliipoteza kwa kukwama njiani akisubiri spea. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kosa kubwa la kampuni lilikuwa kuuacha mbacha wake uchakae.

Usahaulifu huo ulifika kilele mnamo Januari 29, 2016, Defender la mwisho lilipotoka kiwandani Solihull. Zaidi ya magari milioni mbili ya ukoo huo yalikuwa yameundwa tangu 1948. Mrithi wake hakuonyeshwa hadi Septemba 2019, na kwa miaka hiyo yote kampuni haikuwa na gari hata moja jipya la kazi.

Pengo hilo lilizaa mshindani. Tajiri wa Uingereza Jim Ratcliffe aliamua kuunda Ineos Grenadier, gari lenye fremu na umbo linalofanana sana na Defender la kale, na uundaji wake ukaanza Ufaransa mnamo 2022. Mtu akithubutu kununua kiwanda kwa sababu ya kitu ulichokiacha, basi kitu hicho kilikuwa bado na thamani.

Jinsi wengine walivyofanya

Toyota ilikabiliana na suala hilo kwa njia tofauti. Mnamo 1994 ilizindua RAV4, mojawapo ya krosova za kwanza, lakini haikuiita Land Cruiser. Kila jina likabaki na kazi yake. Anayenunua RAV4 hatarajii kuvuka jangwa la Chalbi nayo, na isipoweza, hakuna anayelilaumu Land Cruiser.

Jeep ya Marekani haikuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa Jeep ndilo jina la kampuni na pia la kila gari lake. Mnamo 2006 ilizindua Compass na Patriot, magari mawili yaliyotumia msingi mmoja na saluni. Compass lilikosolewa vikali kwa kukosa beji ambayo kampuni hiyo hulipa gari lililofaulu majaribio yake ya njia ngumu. Patriot lilipewa beji hiyo katika toleo moja maalumu pekee.

Hata hivyo, Jeep haikuacha kuliboresha Wrangler, mrithi wa gari la vita. Mnamo 2014 iliuza zaidi ya magari milioni moja duniani kwa mara ya kwanza, nalo Wrangler likaendelea kuheshimika. Krosova hazikulidhuru gari hilo la asili, kwa sababu lilikuwepo na lilikuwa likifanya kazi yake.

Defender jipya nalo linathibitisha jambo hilo. Halina fremu ya zamani, na bei yake iko mbali na uwezo wa mkulima wa kawaida, lakini lina seti mbili za gia na uwezo halisi nje ya lami. Sasa ni miongoni mwa magari yanayonunuliwa zaidi ya kampuni hiyo.

Mnamo 2023 kampuni iliamua kwamba Range Rover, Defender na Discovery yawe majina yanayojitegemea, huku Land Rover ikibaki kama alama ya kuaminika nyuma yake. Mwaka uliofuata ilitangaza kwamba jina la Freelander litafufuliwa China, pamoja na kampuni ya Chery, kwa magari ya umeme. Kwa maneno mengine, imekubali mpango ambao Toyota ilikuwa nao tangu 1994: kazi tofauti, majina tofauti.

Mnunuzi afanye nini?

Kwa msomaji anayetaka kununua gari, somo ni kutolipia beji. Anayeishi mahali ambapo udongo mweusi hugeuka gundi mvua inaponyesha anafaa kuuliza maswali manne. Je, gari lina seti ya pili ya gia? Nguvu hufika magurudumu yote wakati wote, au ya mbele yanapoteleza tu? Sehemu ya chini kabisa ya gari imeinuka kiasi gani kutoka ardhini? Na je, spea zake zinapatikana katika mji wa karibu?

Anayeendesha kutoka Rongai hadi katikati ya jiji na kurudi nyumbani jioni hana haja ya kulipia uwezo asioutumia. Krosova itamfaa, mradi asidhani kwamba jina lililo mbele ya boneti litamvukisha pale ambapo tairi zimeshindwa.