Kwa nini Mfumo Huelemewa Siku ya Matokeo

Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, steshenari za Naliendele hujaa wazazi na wanafunzi wanaosubiri ukurasa mmoja ufunguke. Wengi huulaumu mtandao wa simu. Mara nyingine mtandao ni mzima. Iliyoelemewa ni kompyuta kuu inayoutoa ukurasa huo.

Ndugu mwananchi, kurasa nyingi za wavuti hazikai tayari zikimngoja msomaji. Ndani yake mna skripti, yaani maagizo mafupi yaliyopachikwa katikati ya maandishi. Lugha mojawapo itumikayo sana kuyaandika ni PHP, iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Kila mtu aombapo ukurasa, kompyuta kuu huyasoma maagizo, huyatafsiri, huyatekeleza, huiuliza hifadhidata, ndipo hutoa jibu. Kwa mtu mmoja ni kufumba na kufumbua. Wakiomba maelfu kwa dakika moja, foleni hurefuka hata wa nyuma wakakatiwa.

Mama lishe anaijua dawa yake. Akikaanga chipsi mayai kwa kila mteja, wateja kumi humshinda. Akiivisha sufuria ya wali mapema, kazi yake ni kupakua tu. Vivyo hivyo, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, PHP huja na OPcache, ambayo huyahifadhi maagizo yaliyokwisha kutafsiriwa ili yasitafsiriwe upya kwa kila mgeni. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) ni nyepesi zaidi: kila shule ina ukurasa wake wenye majedwali matupu, bila mapambo. Wapo wanaosema sura yake ni ya kizamani. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo busara yake, maana hata simu ya bei ndogo huufungua.

Hata hivyo, si kila kitu hupikika mapema. Ombi la leseni ya biashara katika mfumo wa TAUSI, au namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, ni la mtu mmoja na hushughulikiwa papo hapo. Hapa mwombaji naye ana sehemu yake. Anayebonyeza kitufe mara tano hutuma maombi matano, na foleni anayoilalamikia huirefusha mwenyewe. Bonyeza mara moja, subiri, kisha angalia kama namba imekwisha kutoka kabla ya kuomba nyingine. Na leseni ikikaribia kwisha, usingoje siku ya mwisho.