Bunduki Ipi Yafaa Kuwindia Ayala?

Kila mwaka, majira ya baridi yanapokaribia, mamilioni ya watu wa Marekani huchukua bunduki na kuingia misituni kumtafuta ayala. Wasomaji wa Zaburi hulijua jina la ayala kuliko wamjuavyo mnyama mwenyewe, kwa kuwa si mnyama wa asili wa Afrika ya Mashariki. Katika bara hili zima alikuwako tangu zamani upande wa kaskazini tu, katika nchi za Algeria na Tunisia. Wako watu wamwitao kulungu, lakini hawa si jamii moja. Pembe za kulungu hudumu maisha yake yote, lakini za ayala dume zina matawi kama mti, nazo huanguka kila mwaka na kuota upya.

Nchini Kenya uwindaji ulikatazwa mwaka wa 1977, na kwa sababu hiyo watu wengi waliozaliwa baadaye hawajapata kushika bunduki ya kuwindia. Mmoja wao akihamia Marekani, kisha jirani yake akamwalika kwenda kuwinda, hufika dukani akakuta bunduki zimepangwa ukutani, kila moja na tarakimu zake: .243, .270, .308, .30-06. Akimwuliza mwenye duka ipi iliyo bora huenda akapewa jibu moja, na mnunuzi aliyesimama kando akampa jibu jingine. Wala jambo hili si la ubishi mtupu. Mnyama aliyepigwa kwa bunduki isiyotosha, au mahali pasipofaa, hukimbia na jeraha lake, akafia kichakani baada ya saa nyingi za maumivu, na nyama yake ikaliwa na mbwa-mwitu na ndege.

Tarakimu hizo ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu, au wa risasi ipitayo humo, kwa sehemu za inchi. Wazee waliotumika katika K.A.R. wakati wa Vita Kuu ya Pili walichukua bunduki ya .303, yaani tundu la mtutu wake lilikuwa na upana wa sehemu 303 za inchi iliyogawanywa katika sehemu elfu moja. Watu wa bara la Ulaya hupima kwa milimita, kama vile 6.5 au 7.

Mpaka hapo mambo ni rahisi. Taabu huanza kwa kuwa watengenezaji hawakufuata desturi moja katika kuzipa bunduki majina. Bunduki iitwayo .270, iliyotokea mwaka wa 1925, hupiga risasi yenye upana wa .277. Katika .30-30 ya mwaka wa 1895, thelathini ya kwanza ni upana, na ya pili ni uzito wa baruti iliyotiwa ndani ya ganda wakati huo. Katika .30-06, tarakimu za mwisho si upana wala baruti, bali ni mwaka wa 1906 ambao jeshi la Marekani liliipokea. Tena risasi za .30-30, za .30-06 na za .308 zina upana ule ule mmoja. Zinazotofautiana ni maganda yao na wingi wa baruti, na kwa hiyo nguvu zao si sawa hata kidogo. Ganda la bunduki moja halitiwi katika nyingine. Atakayejaribu huweza kujiumiza yeye mwenyewe kabla hajamwona mnyama.

Basi, mwenye kuchagua asitazame upana peke yake. Nguvu ya risasi hutokana na uzito wake na mwendo wake, na mwendo ndio wenye neno zaidi. Uzito ukiongezwa mara mbili, nguvu huwa mara mbili. Lakini mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Katika Uingereza na Marekani nguvu hiyo hupimwa kwa futi-ratili, na futi-ratili moja ni nguvu itoshayo kuinua ratili moja kwa kimo cha futi moja. Uzito wa risasi nao hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ni ratili moja.

Chukua mfano. Risasi ya .30-30 yenye uzito wa greni 150 hutoka mtutuni kwa mwendo wa futi 2,390 hivi kwa sekunde, na nguvu yake ni futi-ratili karibu 1,900. Risasi ya .243, bunduki iliyotokea mwaka wa 1955, ni nyembamba na yaweza kuwa na uzito wa greni 100 tu, lakini hutoka kwa mwendo wa futi 2,960 hivi, na nguvu yake yafikia 1,940. Hivyo iliyo ndogo humzidi kidogo mkubwa wake. Risasi ya .30-06 yenye greni 150 hutoka kwa mwendo wa futi 2,900 na nguvu ya futi-ratili 2,800, nazo ni nyingi kupita mahitaji ya ayala wengi.

Serikali mbalimbali zimeweka mpaka wa chini. Katika Uingereza na Wales, Sheria ya Ayala ya mwaka wa 1991 hukataza bunduki yenye upana ulio chini ya inchi .240, au nguvu iliyo chini ya futi-ratili 1,700 mtutuni, isipokuwa kwa aina mbili za ayala wadogo sana. Jimbo la Colorado katika Marekani nalo lataka upana usiopungua .24. Majimbo mengine yana sheria zao, tena si zote zihusuzo mnyama. Katika Ohio, nchi ya mashamba na nyumba zilizotapakaa, wawindaji wa ayala hawakuruhusiwa bunduki za aina hii kwa miaka mingi, kwa kuwa risasi iliyokosa huenda mbali mno ikafikia watu. Tangu mwaka wa 2014 wameruhusiwa, lakini kwa maganda yaliyonyooka tu, ambayo risasi zake hazisafiri mbali kama zile nyingine. Kwa hiyo mgeni aulize sheria ya jimbo lake kabla ya kutoa fedha.

Kuna jambo moja ambalo askari wa zamani hushangazwa nalo. Risasi za vita hufunikwa pande zote kwa gamba gumu, hata zikipita mwilini hazibadiliki umbo. Mkataba wa The Hague wa mwaka wa 1899 ulikataza katika vita risasi zifunukazo ndani ya mwili. Katika uwindaji wa ayala ni kinyume: sheria ya Uingereza yaagiza risasi yenye ncha laini au yenye ncha iliyo na tundu, ili ifunuke kama uyoga na kumwua mnyama upesi. Ile ya vita huweza kumpenya ayala ikaacha kitundu chembamba, naye akaenda maili nzima kabla ya kuanguka. Kilichokatazwa kwa mtu kwa ajili ya huruma chaamriwa kwa mnyama kwa ajili ya huruma.

Jambo la pili la kuangalia ni nchi yenyewe. Katika misitu minene ya Pennsylvania mara nyingi ayala huonekana akiwa yadi 50 au 80 tu, na hapo .30-30, bunduki ya mababu, yafanya kazi yake vizuri mpaka leo. Lakini ikiwa imelengeshwa kwa yadi 100, risasi yake huanguka karibu inchi 8 ifikapo yadi 200. Katika milima ya Scotland isiyo na miti, au katika nyanda za magharibi ya Marekani, mwindaji huhitaji risasi iendayo kwa kunyooka zaidi. Bunduki ya .270 iliyolengeshwa kwa yadi 200 huanguka inchi 6 au 7 tu ifikapo yadi 300. Ile ya 6.5 Creedmoor, iliyotokea mwaka wa 2007, imependwa na wengi kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya hayo yabaki bega la mwindaji. Kila bunduki hurudi nyuma kwa kadiri ya nguvu yake, na .30-06 humpiga mwenyewe karibu mara mbili ya .243. Mtu asiyezoea, akiisha kupigwa mara tatu, huanza kufumba macho na kushtuka kabla ya kuvuta mtambo, na risasi yake humpata ayala tumboni badala ya moyoni. Hapo ndipo wanyama wengi wanapopotea. Mahali pa kulenga ni nyuma tu ya mguu wa mbele, penye moyo na mapafu, napo hapazidi upana wa sahani ya chakula. Bunduki ndogo ipigayo hapo yafaa kuliko kubwa ipigayo kando.

W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu wengi kwa bunduki ya milimita 7, ambayo leo hutumika kwa ayala. Aliweza kwa sababu alikuwa amepasua vichwa vya ndovu kwa msumeno ili ajue hasa ubongo ulipo. Mfano wake wa kumwendea ndovu na bunduki ndogo si wa kuigwa. Huo wa kuujua mwili wa mnyama wafaa kwa kila mtu.

Kwa mwanzishi basi, au kijana, au mtu mwembamba, .243 hutosha mahali sheria inapoiruhusu. Anayetaka bunduki moja ya ayala wa kila aina hatajuta kwa .270, .308 au 6.5. Katika California, ambako risasi za madini ya risasi zimekatazwa katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, itampasa atumie za shaba nyekundu. Hizo ni ndefu kuliko nyingine za uzito ule ule, na mara nyingi huchaguliwa zilizo nyepesi kidogo.

Vyovyote atakavyochagua, anunue maganda ya kutosha kupiga shabaha ya karatasi kabla ya msimu, kwanza kwa yadi 50, kisha kwa 100, akitumia risasi zile zile atakazokwenda nazo msituni. Bunduki iliyolengeshwa kwa risasi za greni 150 haipigi mahali pale pale ikitiwa za greni 180.