Marekani: Kikosi cha besiboli cha 1959 ambacho chuo kikuu cha Southern hakiwezi kukisahau

Kila mwaka, vyuo vikuu vya Marekani vinaita nyumbani wanafunzi wao wa zamani. Kwa timu za besiboli, siku hiyo ina desturi yake. Kabla ya mechi, wazee wanaitwa jina kwa jina, wanatembea polepole hadi katikati ya uwanja, wengi wakiwa na jezi ambayo haifungiki tena tumboni, na vijana wa timu ya leo wanasimama pembeni wakiwapigia makofi. Kuna vyuo ambako wazee hao wanacheza hata dakika chache. Kwingine namba ya mchezaji inatundikwa ukutani, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuivaa tena.

Mjini Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana, desturi hiyo ina uzito wa pekee. Hapo, kando ya mto Mississippi, ndipo kilipo chuo kikuu cha Southern, kilichoundwa mwaka 1880 kwa ajili ya watu weusi wakati vyuo vya wazungu vilikuwa vimewafungia mlango. Uwanja wake wa besiboli unaitwa Lee-Hines, kwa heshima ya makocha wawili wa zamani, Bob Lee na Emory Hines. Ni chini ya Bob Lee ambapo, mwaka 1959, vijana wa Southern walisafiri hadi Alpine, Texas, wakarudi na kombe la NAIA, shirikisho la vyuo vidogo vya Marekani. Hakuna chuo cha weusi kilichokuwa kimelitwaa kombe hilo la besiboli kabla yao.

Kwa msomaji wa Congo, 1959 ni mwaka wa maandamano ya Januari 4 kule Léopoldville. Louisiana nayo ilikuwa na moto wake. Mwaka 1956 wabunge wa jimbo hilo walipitisha sheria ya kukataza weusi na wazungu kucheza pamoja mchezo wowote, na ni mwaka 1959 tu ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba sheria ile haifai. Kwa hiyo Southern na chuo kikuu cha jimbo, LSU, viliishi katika mji mmoja bila kukutana uwanjani. Ili wapimane nguvu na timu za wazungu, vijana wa Bob Lee walilazimika kwenda mbali. Katika fainali walishinda chuo kikuu cha Omaha.

Katika kikosi kile alikuwemo kijana mmoja mwembamba, Lou Brock, mtoto wa familia maskini ya mashamba ya pamba. Hakuja Southern kwa ajili ya mchezo. Alipewa msaada wa masomo kwa sababu ya akili yake darasani, lakini alama zake za mwanzo zilishuka na msaada ukakatwa. Kurudi kwao kulima hakutaka. Inasimuliwa kwamba alianza kushinda uwanjani akiokota mipira ya wachezaji bila malipo, akiomba tu siku moja aonwe, hadi akaanguka kwa uchovu. Walipomruhusu kushika gongo kwa mipira mitano, mitatu ilivuka ukuta. Msaada ukarudi, safari hii kwa jina la besiboli.

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mbaya kabisa. Wa pili ndio ule wa 1959: alifaulu kupiga zaidi ya nusu ya nafasi alizopata, jambo ambalo katika mchezo huu ni karibu muujiza, kwa kuwa mpigaji anayefaulu mara 3 kwa 10 tayari anaitwa hodari. Mwaka uliofuata alisaini na Chicago Cubs, na mwaka 1964 akahamia St. Louis Cardinals, ambako alipata umaarufu kwa miguu yake. Aliiba vituo 938, yaani alikimbia kutoka kituo hadi kingine kabla wapinzani hawajamshika, na ilikuwa rekodi hadi Rickey Henderson alipoivunja mwaka 1991. Brock aliaga dunia Septemba 2020, akiwa na miaka 81.

Hapo ndipo uchungu wa siku hizi za heshima ulipo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1959 leo amepita 85. Kila mara majina yanapoitwa, wanaoweza kuitika ni wachache zaidi.

Waliowafuata hawakuwa wadogo. Danny Goodwin, mdakaji, ndiye mchezaji pekee katika historia ambaye timu za kulipwa zimemchagua wa kwanza kabisa mara mbili: mwaka 1971, akakataa ili aende kusoma Southern, na tena mwaka 1975. Katika ligi kuu hakupata kuwa nyota, lakini mwaka 2011 akawa mtu wa kwanza kutoka chuo cha weusi kuingizwa katika jumba la heshima la besiboli ya vyuo. Roger Cador, aliyewahi kuchezea Southern, alirudi kuwa kocha kwa misimu 33. Mwaka 1987 timu yake ilishinda Cal State Fullerton, mojawapo ya miamba ya mchezo huu, kwa 1-0. Rickie Weeks alipewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote mwaka 2003, na mwaka 2024 akawa msaidizi wa kocha mkuu wa Milwaukee Brewers.

Lakini makofi hayalipi minervali. Mwaka 1991, watu weusi wa Marekani walikuwa karibu 18% ya wachezaji wa ligi kuu. Mwanzoni mwa msimu wa 2024 walikuwa 6%. Sababu kubwa ni pesa. Mtoto anayetaka kuonwa anahitaji gongo, glavu, na wazazi wanaoweza kulipia safari za mashindano kila wikendi. Kwa miaka mingi, hadi 2025, sheria ya NCAA iliruhusu timu ya daraja la kwanza kutoa misaada 11.7 tu ya masomo, iliyogawanywa kwa wachezaji wengi, wakati timu ya futiboli ya Kimarekani ya ngazi ya juu kabisa ilikuwa na misaada 85 kamili. Mzazi asiye na kitu alichagua upande upi? Leo, katika vyuo kadhaa vya weusi, timu ya besiboli imejaa wachezaji wazungu na Walatino. Kuwapokea si kosa. Shida ni kwamba vijana wa mitaa iliyomzaa Brock wanazidi kuadimika uwanjani.

Ken Griffey Jr., nyota wa zamani wa Seattle, aliliona hilo. Julai 2023, siku chache kabla ya mechi ya nyota wa ligi kuu mjini Seattle, alikusanya wachezaji 50 wa vyuo vya weusi wacheze mbele ya maskauti wa timu za kulipwa, na mechi ikaonyeshwa kwenye televisheni. Imerudiwa Texas mwaka 2024 na Atlanta mwaka 2025.